Maua Niliyoyatia Bwawani

Jumatano iliyopita mjomba alinipigia simu kutoka Matulo, akaniambia mama wa ng'ambo anahamishwa. Wanawe wamejenga Saboti na wanataka akakae nao, maana macho yamekwisha na nyumba yake inavuja. Ataondoka Jumamosi. Mjomba aliisema kama habari ya kawaida tu, kisha akaendelea kulalamikia mbolea. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni hapa Kitale na mwiko mkononi, na ugali ukaungua. Kuna jambo nililolificha tangu darasa la sita, rafiki yangu, na sasa nilikuwa nimebakiwa na siku tatu za kulisema.

Ngoja nianze na bwawa lenyewe. Chini ya shamba la kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bungoma, palipita kijito kinachoelekea Nzoia, na watu wa zamani walikuwa wamekizuia kwa mawe na udongo ili ng'ombe wapate maji. Halikuwa bwawa kubwa. Ungerusha jiwe likafika upande wa pili, na huko upande wa pili ndiko alikoishi rafiki yake kukhu, mjane mwenzake, ambaye sisi watoto tulimwita mama wa ng'ambo. Maji yalikuwa maangavu, unaingia hadi magotini na bado unaviona vidole vya miguu. Kereng'ende wekundu walitua juu ya matete, mdiria alikaa tawini akivizia samaki, na jioni vyura walipiga kelele mpaka kukhu akatoka nje kuwatukana.

Mvua kubwa ikipungua, wale wanawake wawili walivua. Hawakutumia ndoana wala nyavu. Mmoja alikanyagakanyaga tope kando ya matete, akiyapiga maji kwa miguu na kuimba upuuzi wowote uliomjia, na mwenzake aliinama mbele yake na kikapu, akakiinua kwa ghafla. Ni kazi ya watu wawili ile. Ukienda peke yako utarudi na majani. Samaki wenyewe walikuwa wadogo, urefu wa kidole, na vindevu viwili mdomoni. Waligawana bakuli kwa bakuli. Ila kikapu cha kwanza hakikugawanywa: kilipelekwa kwa mama yeyote pale kijijini aliyetoka kujifungua, apate mchuzi wa kuleta maziwa. Samaki wetu kukhu aliwakausha juu ya moto, akawapika na munyu, ile chumvi yetu ya majivu ya maganda ya maharagwe, tukawala na ugali wa wimbi, na mifupa yao yote. Woi! Hata sasa mate yananijaa.

Kukhu hakuwa na mchezo na maji yale. Sabuni haikukaribia, wala nguo chafu. "Usitie kitu hapo," alisema kila tulipoteremka na mitungi. "Vilivyomo vinajuana." Nililisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa likizo moja ya Agosti nikapelekwa Kitale kwa shangazi, aliyekuwa akishona nguo katika duka la vitambaa. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi, alikuwa na tangi la saruji uani, na ndani ya tangi kulielea mmea wenye majani mazito na maua ya zambarau. Nilikuwa sijawahi kuona ua zuri namna hiyo. Nililikodolea macho mpaka yule mama akacheka, akaung'oa mche mmoja na mizizi yake, akautia katika mkebe. "Chukua, mtoto. Weka kwa maji, itajilea," akaniambia. Alinifanyia wema, na simlaumu hata kidogo.

Unafikiri niliutaka wa nini? Altare! Kanisani kwetu wasichana wa darasa la sita ndio waliopamba altare, kila mmoja Jumapili yake, na tulishindana vibaya sana. Nilikuwa nimechoka kuleta maua yale yale ya kando ya njia. Basi nikateremka bwawani nikiwa peke yangu, nikauweka mche wangu kwenye kona ya matete, na sikumwambia mtu. Miezi michache baadaye altare yangu ilikuwa gumzo. Walipouliza maua hayo nimeyatoa wapi, nikasema mtoni.

Mmea ukajilea kweli. Mvua zilizofuata zilikuta umefunika nusu ya bwawa, na kabla ya mwaka kuisha hukuona maji tena, ulikuwa mkeka wa kijani tupu. Ndipo maji yakaanza kunuka. Asubuhi moja tukawakuta wale samaki wadogo wameelea kwenye upenyo uliobaki, matumbo juu. Mdiria akahama. Aliyebaki ni kambare, kwa sababu yeye huja juu kumeza hewa, na mbu wakawa wengi ajabu. Wanaume waliuvuta ule mmea kwa reki siku nzima, na baada ya wiki chache ukawa umerudi.

Mama wa ng'ambo alikuwa na binti aliyeolewa Port Victoria, ziwani, na kila alipomtembelea alirudi na samaki waliofungwa kwa majani mabichi. Mtu aliyewahi kufika ziwani alipomwambia kukhu kwamba mmea huu umejaa kule, kukhu hakungoja kusikia zaidi. Alisimama ukingoni akapaza sauti: "Ati ni wewe umetuletea hii kitu? Mimi nilikukosea nini?" Mimi nilikuwa nyuma yake. Mama wa ng'ambo akatutazama. "Ukisema ni mimi, basi ni mimi," akajibu, akaenda zake. Salamu ikafa hapo.

Muhula uliofuata mwalimu wa sayansi alituchorea bwawa letu ubaoni. Akachora jua, utelezi wa kijani juu ya mawe, viluwiluwi vya mbu, samaki wetu, na mdiria juu kabisa, na mishale ya nani anamla nani. Kisha akalifuta jua. "Hii ni sufuria, mtu ameifunika," akasema, na akaendelea kufuta, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa mdiria. Akauliza ni nani aliyeifunika. Darasa zima likaitikia kwa pamoja, mama wa ng'ambo. Na mimi niliitikia. Kwa sauti, hata.

Nimeishi na sauti hiyo. Nimeona wanawake wawili wakiingia kanisa moja kwa milango tofauti mpaka wakazeeka. Nimejifungua mara mbili, na hakuna aliyeniletea kikapu; mama alininunulia omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kimilili.

Ijumaa nikaenda. Kukhu alikuwa akichambua maharagwe, nikamwambia yote, mkebe, altare, kila kitu. Akayaweka maharagwe kando. Kisha akasema, "Nishike mkono." Tukalizunguka bwawa polepole, magoti yake yakilalamika.

Mama wa ng'ambo alikuwa ameketi nje kati ya mizigo iliyofungwa. "Mulembe," kukhu akasema, ile salamu yetu ya amani aliyomnyima miaka yote hiyo. Yule mzee akageuza uso upande wa sauti. "Mulembe, mayi," akajibu, na mayi kwetu ndiyo mama. Kukhu akanisukuma mbele. "Sema."

Nikasema. Mama wa ng'ambo hakushtuka.

"Si najua," akasema. "Nilikuona hiyo siku na kamkebe kako. Nilikuwa nakata matete. Nikaona ni maua tu."

"Na mbona hukuniambia?" kukhu akauliza.

"Wewe? Na hasira yako ile? Ungemuua huyu mtoto kwa kiboko, bana. Nikasema, wacha upoe kwanza, nitakuambia." Akakipapasa kiti cha karibu ili kukhu akae. "Lakini hukupoa."

Kukhu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Niliwaacha wameshikana mikono, nikateremka bwawani. Maua yalikuwa yamechanua kutoka ukingo hadi ukingo, na bado ni mazuri, hilo ndilo linaloniudhi. Wanangu hawajui wale samaki walionjaje, na siwezi hata kuwatajia jina lao, kwa sababu hatukuwahi kuwapa jina. Tuliwaita samaki tu. Kesho yake pikapu ikaja kumchukua mama wa ng'ambo.

Angenichapa kweli, kukhu. Ningelia, ningeoga, ningekula, na kufikia jioni ingekuwa imekwisha.