Folda ya Michoro

Kila programu katika mfumo wetu wa kompyuta ina mtu wa kuitunza, na halipwi. Mimi natunza moja tu, ya kuchora michoro ya kufuma sweta. Shule niliiacha mapema. Kazi hii nimejifunza kwa kuuliza mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Wanawake ninaofuma nao hapa mjini Leeuwarden, Uholanzi, wana kompyuta kuukuu. Programu isipoingia katika toleo jipya la mfumo, michoro yao haitafunguka tena. Mwisho wa kupokea programu ulikuwa Jumapili. Basi Jumamosi nikaendesha baiskeli hadi maktaba, kwa Hessel, anayekagua kazi zetu kabla ya kuzipokea.

Akasoma majina ya programu nilizoagiza ziwekwe kwenye kompyuta kabla ya yangu, eti bila hizo haifanyi kazi.

"Mama Tjitske, anayefuma sweta anahitaji programu ya muziki ya nini?"

"Huenda akapenda kusikiliza huku anafuma."

"Na hii ya kuandika Kichina?"

"Sijui atakayeitumia ni nani."

"Binti yako alipokwenda kambini ulimfungia nini?"

Jildou alibeba miavuli miwili, blanketi na dawa ya kuhara, na kambi yenyewe ilikuwa uwanja wa shule yake.

Tukafuta karibu majina yote. Kila moja lilipotoka nilijiona namtoa mtu nje bila koti. Programu ikafanya kazi vilevile.

"Sasa tujaribu kuiondoa," akasema Hessel. "Lazima ijue na kuaga."

Ikaondoka vizuri. Kisha akafungua programu anayoitunza yeye, ya kudarizi, akasogelea kioo cha kompyuta.

"Maua yangu yako wapi?"

Programu zetu zote mbili huweka michoro katika folda moja. Mimi nilikuwa nimeagiza yangu ikiondoka ifute folda na vyote vilivyomo.

"Nilisafisha tu," nikasema. "Mimi siwezi kutoka mahali nikaacha uchafu."

"Kwa hiyo maua yangu ndiyo uchafu."

"Nilidhani folda ni yangu."

"Hata nyumbani kwako hivyo hivyo?"

Sikuona haja ya kumweleza habari za kabati la mume wangu nililowahi kulisafisha.

Akanielekeza tutengeneze programu ya tatu, ndogo, isiyo na kitu ila folda hiyo. Yake na yangu ziitegemee hiyo. Kila moja ikiondoka ichukue vyake tu, na folda ifutwe itakapotoka ya mwisho. Akarudisha maua yake kutoka nakala ya akiba, tukajaribu. Yangu ikaondoka, maua yakabaki.

"Jaribu tena," nikasema.

Akajaribu.

"Na ya kwako ikitangulia kutoka?"

"Mama, wewe." Lakini akajaribu, na michoro ya sweta ikabaki. Akabonyeza, akaipokea.

Nilipofika darajani, njiani kwenda nyumbani, nikageuza baiskeli nikarudi. Hessel alikuwa anakula mkate wake wa jibini.

"Imepokelewa," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Na maua?"

"Yapo."

"Nionyeshe."

Akaweka mkate chini, akanionyesha.