Mafundo Niliyofunga Mbele ya Shemeji

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi, muti ulimuangukia baba yangu katika shamba jipya nyuma ya Buleusa. Taabu yangu ilianza siku hiyo. Nilikuwa darasa la pili, la tatu sikuliona. Ndugu za baba walichukua mbuzi, mama akarudi kwao na wadogo zangu, mimi nikabaki na babu, muzee mwenye mupanga moja, mitego ya kamba na mudomo mukali. Yeye njo alikuwa shule yangu. Kusoma najua, polepole. Kuandika najua, herufi kubwa kubwa. Haya yote nimeandika kwa mukono wangu, binti yangu amenyoosha tu mahali palipopinda.

Sikurithi kitu. Kila nilicho nacho nilikitoa porini ao barabarani. Nilitega, nilivuna asali, nilibeba mafuta ya mawese mugongoni toka Walikale paka Masisi, nikarudi na maharagi na jibini. Wanaduka wa Butembo walinipa mizigo bila karatasi, sababu neno langu liliwatosha. Vita ilinikimbiza mara tatu na mara tatu nilianza upya, toka sufuria. Nyama wa porini nimewaua wengi, sitajifanya mutakatifu hapa. Gorila sikugusa, babu alikataza. Lakini nilijua wanalala wapi, wanakula nini, mwezi gani wanashuka kutafuta matunda ya matungulu karibu na mashamba yetu. Pori iliyo kati yetu na njia ya Pinga naijua vile muke anajua chumvi ya sufuria yake.

Na aliyekuja kujifunza pori kwangu ni shemeji, kaka ya muke wangu. Alifika akiwa kijana wa kuogopa ruba. Nilimufundisha kukanyaga bila kuvunja kijiti, kunusa mavi na kujua ni ya asubuhi ao ya jana. Yeye alikuwa amesoma paka secondaire, ndugu zake walimulipia. Mimi nilimulipia pori. Nilikuwa nikisema hivyo mbele ya watu na yeye alikuwa akicheka, akikubali.

Miaka michache iliyopita ikaja proje ya kulinda nyama wa porini. Dada mumoja toka Goma, mwenye suruali na sauti ya utaratibu, alituita mbele ya kanisa. Akasema hawatafuti askari wa pori wala watumishi. Wanatafuta volontere, watu wa kijiji wenyewe, wa kutembea njia moja porini kila wiki mbili na kuandika wanachokutana nacho: kitanda cha gorila, kiota cha sokomutu, yule sokwe, alama ya muguu, mavi, sauti ya ndege. Mushahara hakuna. Kuna boti za miguu, kofia, koti ya mvua na chakula cha njia. Na mumoja wao atakuwa mukubwa wa timu, atashika telefone ya proje, ile inayopiga picha na kuweka mahali ulipo kwenye karte.

Watu wote walinigeukia. Sisemi kwa majivuno, ni hivyo ilikuwa. Hata kapita wetu, muzee wa kijiji, alininyooshea kidole. Nilisimama na kukunjua shati.

Dada akatoa fishi, karatasi ya kujaza yenye vyumba vingi, nusu Kifaransa. Akasema kila anayetaka kushika telefone asome kwanza. Nilianza. Nilipokuwa bado kwenye mustari wa kwanza, shemeji alikuwa amemaliza yote na anakuna kidevu. Watu hawakucheka. Wangecheka ningewajibu. Waliinamisha vichwa, wakanipa heshima ile ya kumungojea mugonjwa ashuke kitandani. Hiyo inaniuma paka leo.

Telefone akapewa shemeji. Dada alikuja kwangu na adabu zake, akaniomba niingie timu kama volontere, kwamba elimu yangu ya pori ni kubwa. Nilimwambia: «Mwanangu, mimi sitembei nyuma ya muntu niliyemufundisha kutembea.»

Basi nikabaki nyumbani kuangalia. Niliona boti mpya za shemeji zikipita mbele ya kiwanja changu. Niliona telefone ikining'inia shingoni kama musalaba wa askofu. Watoto walimuita Papa Gorila. Hilo jina, kama kijiji kingekuwa na haki, lilikuwa langu tangu yeye akiogopa ruba. Wageni wakifika kuuliza habari ya nyama, waliulizia nyumba yake. Siku ya Mungu pasta alimusimamisha aeleze kanisa vile gorila anatengeneza kitanda chake, na alieleza maneno yangu, moja moja, vile nilivyomupa, paka na mikono akaizungusha kama mimi. Nilitoka nje nikasingizia tumbo.

Muke wangu aliniona. Alinichekelea kwamba nimekonda kama mwali anayengojea posa. Nikamwambia kaka yake ni mwizi wa mudomo. Akajibu kwamba kaka yake aliniomba mara mbili niende naye na mara mbili nilimufungia mulango, mwizi gani anabisha hodi. Wivu haijibiwi kwa akili, naijua vizuri.

Sasa nieleze jambo la kwetu, ili asiyekuwa wa pori aelewe nilichofanya. Kwetu, muntu akiona kwanza muti wenye nyuki, ao mahali nyama anapopita ao kulala, anafunga fundo: anakunja jani la mangungu, lile la kufungia chikwangue, mukate wetu wa mihogo, analipitisha kwenye kijiti na kukaza. Fundo hiyo inasema: mwenyewe ameshaona. Anayekuja nyuma anapita. Hagusi, na hata akirudi kijijini hasemi alichoona pale, sababu kusema ni kuiba. Fundo anaifungua aliyeifunga, peke yake, ao inangojewa jani likauke na kukatika lenyewe. Hakuna sheria ya serikali inayoheshimiwa hivyo porini kwetu. Nimeona watu wa kupigana bunduki wakiheshimu fundo.

Njia ya shemeji niliijua, waliichora mbele yetu wote. Siku moja kabla ya muzunguko wao, niliamka nikamuambia muke naenda kuangalia mihogo. Niliingia porini nikatembea ile njia yote. Vitanda vya gorila nilikuta vine, vibichi, na maganda ya matungulu yametafunwa pembeni. Nikafunga. Kiota cha sokomutu, nikafunga. Alama ya muguu kwenye matope ya kijito, nikafunga pande zote mbili. Nilifanya kazi safi, nikiimba kidogo. Nisidanganye, nilisikia raha.

Wao walipita kesho yake. Timu ilikuwa ya watu watano, wote wana wa pori ile. Wakakuta fundo, wakapita. Fundo ingine, wakapita. Kwenye fishi waliandika kindi na hondohondo, nyama ambao hakuna muntu hufungia jani. Nyuma ya wiki mbili nikafanya tena. Na tena. Majani yaliyokauka niliyabadilisha. Kila mara shemeji aliporudi na uso wa uchovu, nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba nakula muhindi, namusalimia vizuri kuliko siku zote.

Sikufikiri mbele. Nilitaka telefone imushinde, wamunyanganye, waje mulangoni kwangu. Hapo njo nilifikia na akili yangu.

Dada alirudi na fishi tatu na uso wa kuhesabu maneno. Tulikaa tena mbele ya kanisa. Alisema pole pole kwamba timu imetembea mizunguko mitatu kwa uaminifu na haikukuta alama ya gorila wala ya sokomutu. Kwa hiyo wakubwa wake watahamisha kazi upande wa Pinga. Kwenye karte, pori yetu wataiandika haina kitu.

Nilisikia ile neno kama kofi. Nikaangalia shemeji. Alikuwa anaangalia boti zake.

Halafu fundi mumoja wa kupasua mbao, muntu wa maneno mengi, akasema kwa sauti ya kufurahisha watu:

«Basi muzee wetu miaka yote hii alikuwa anatulisha hadithi. Gorila wake walikuwa wa mudomo.»

Sasa walicheka. Na mimi nilielewa kitu nilichofanya. Jina langu yote, miaka hamsini ya magoti na miiba, ilikuwa imesimama juu ya pori ile kuwa na nyama. Kama pori ni tupu, mimi ni muongo. Na ni mimi njo niliimwaga, kwa mikono yangu, nikiimba.

Nilisimama.

«Haiko tupu,» nilisema. «Mimi njo nilifunga.»

Dada hakuelewa. Wengine wote walielewa. Kapita alishika paji la uso. Muke wangu, upande wa wamama, alijifunika kitenge kichwani.

Shemeji njo alisema. Hakuinua macho.

«Nilijua, shemeji. Toka ya kwanza. Fundo yako inageukia kushoto, hakuna mwengine hapa wa kufunga vile.»

Mimi ni wa mukono wa kushoto. Nilisahau kwamba yeye alijifunza kufunga akikaa mbele yangu, akiangalia vidole vyangu.

«Ulijua, na haukusema?»

«Nitasemaje kitu iko na fundo ya muntu? Wewe njo ulinikataza.»

Hapo watu walicheka tena, lakini cheko ingine. Mimi sikucheka. Kama angenitukana ningekuwa na mahali pa kusimama. Alinishinda na maneno yangu mwenyewe, vile alivyofanya kanisani.

Ilibidi dada aelezwe mambo ya fundo toka mwanzo, na alipoelewa alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema mizunguko mitatu imekufa, haiwezi kufufuka, hata kama ninakumbuka kila kitanda. Kitu kisichoandikwa siku yake, kwenye kazi yao, hakikuwa. Nilitaka kubishana kwamba mimi nina kichwa. Kapita aliniambia nikae. Nilikaa. Dada alikubali kuomba wakubwa wake muzunguko mumoja, wa mwisho, kabla hawajaandika ile neno.

Wakubwa walikubali kwa telefone, na kesho yake niliingia porini, nyuma ya shemeji. Ndiyo, nyuma. Dada alikuja pia, akianguka na kuamka bila kulalamika. Kwenye kila fundo timu ilisimama, wakanipisha, nikaenda mbele peke yangu kufungua. Kufungua mbele ya watu si kazi ndogo. Jani linatoa sauti, na kila muntu anajua ni la nini. Nikisha fungua, nilionyesha kwa kidole na kurudi nyuma. Shemeji akapiga picha, akaandika.

Vitanda vyangu vya zamani vilikuwa vimeoza, dada alivikataa, vya zamani sana. Kwenye kijito hakukuwa na kitu. Fundo ya mwisho ilikuwa kwenye muteremuko wa matungulu. Niliifungua na mbele yangu kulikuwa maganda meupe, bado na maji ya meno. Nilimugeukia shemeji nikamuachia nafasi. Alipita, akainama, akanusa vile nilivyomufundisha, akatembea hatua kama kumi na kuonyesha: vitanda vitano, na kimoja kidogo kimebanwa na kikubwa, cha mama na mutoto. Mavi yalikuwa ya asubuhi.

Dada aliweka mukono mudomoni. Akaniuliza kama niliwahi kuona kile kitanda kidogo. Nilitaka kusema ndiyo. Nilisema hapana, huyo ameona yeye.

Shemeji aliandika fishi akaniletea nione. Chini kulikuwa na mistari ya majina. La kwanza lake. La pili aliacha wazi, akanipa biki. Niliandika langu, herufi kubwa kubwa, ilichukua muda, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Kazi haikuhamia Pinga. Nimetembea na timu toka siku hiyo, na tumekubaliana kijijini kwamba kwenye njia ya proje fundo haifungwe. Watu husema nimepona. Sijapona. Bado telefone ikilia shingoni mwake, nageuza uso upande mwengine. Bado watoto humuita Papa Gorila, na mimi huniita Papa Fundo, na nimewafukuza kwa fimbo mara mbili.

Leo niko na nyumba ya mbao yenye mabati. Mashamba mawili ya mihogo na moja ya kahawa. Ngombe wane kule Burungu, kwa muchungaji. Moto moja ya kupanda, tairi ya nyuma imekwisha. Muke mumoja, anacheka sana. Mupanga ya babu. Boti nilizonunua mwenyewe, sababu za proje nilikataa. Kofia ya proje, hiyo nilipokea, naivaa porini tu. Biki mbili.

Telefone iko kwa shemeji.