Jina la Pacha wa Pili

Somoe, mkulima wa Mkunya, alikuwa na watoto wawili na kaburi dogo moja. Mkubwa, Tabu, alizaliwa mwaka ambao mihogo ilioza shambani na uchungu ukamtesa mama yake kutwa kucha. Aliyefuata alikufa kabla ya kupewa jina. Kwa hiyo mvulana aliyekuja baada yake alipewa jina baya makusudi, ili kifo kisimtamani: Mashaka. Kisha miaka ikapita, mikorosho michanga ikakua ikazaa, na Somoe akajiambia kwamba uzazi umekwisha.

Alipojikuta mjamzito tena, Tabu alikuwa msichana mzima. Yeye ndiye aliyepanda bajaji pamoja na mama yake hadi kituo cha afya, na akaruhusiwa kubaki chumbani. Mtoto wa kike akatoka upesi, akilia kwa nguvu. Somoe alinyoosha mikono ampokee.

"Nimekungoja mno," alimwambia.

Lakini nesi Winfrida alimpa Tabu mtoto, kiganja chake kingine kikiwa bado juu ya tumbo la mama.

"Tulia, Mama Tabu," alisema polepole. "Kuna mwingine."

"Mwingine nani?"

Wa pili, naye wa kike, alitoka kimya. Winfrida alimfuta, akamsugua mgongo, akamsafisha pua, akamsugua tena. Tabu alikitazama kile kifua kidogo kilichokuwa kimetulia tuli. Ghafla kikapanda. Kilio chake kilikuwa chembamba, cha kusikilizwa kwa makini, na yule wa kwanza aliyekuwa akilia muda wote akanyamaza papo hapo. Wale wanawake watatu wakatazamana. Somoe alikuwa akinong'ona kitu kimoja tena na tena.

Nyumbani, mumewe Jafari alivua ndala mlangoni akasimama pale pale, asiingie. Alipoingia hatimaye, aliwaadhinia masikioni. Kwa wa pili sauti ilimkatika, ikabidi aanze upya.

Majina yangetolewa siku ya akika. Jioni moja kabla ya siku hiyo Jafari akasema, "Tuwaite Furaha na Neema. Mungu ametukumbuka."

Tabu alikuwa anakoroga uji. Somoe akaona mwiko umesimama sufuriani, na moyo ukamwuma. Watu watasikia Furaha na Neema, kisha watasikia Tabu na Mashaka, na watajua nani walipokewa kwa vigelegele na nani kwa machozi.

"Mwanangu," alisema, "ukitaka tulibadili jina lako, tutalibadili. Hata la mdogo wako."

Tabu aliepua sufuria kwanza.

"Nikiitwa jina jingine sitaitika, mama. Na Mashaka ndiyo hatakubali kabisa. Akidaka mpira, wenzake wa shule ya Chidya wanaliimba jina lake." Jafari akacheka, lakini Tabu hakucheka. "Sisi tuliitwa kwa jinsi tulivyokuja. Hawa nao waitwe hivyo hivyo. Wa kwanza ulimwambia umemngoja mno. Huyo ni Subira. Na huyu mwingine, tangu atoke, unamtazama na kurudia neno moja tu."

"Neno gani?"

"Sikudhani."

Somoe hakujua kwamba alikuwa akisikika. Akawageukia wale wachanga kwenye mkeka, wamelala uso kwa uso, mmoja ananyonya kidole cha mwenzake. Akayataja yote kwa mpangilio: Tabu, Mashaka, Subira, Sikudhani. Yalikuwa maisha yake mazima, na hakuwahi kuyasikia yakitajwa kwa pumzi moja.

"Basi," alisema Jafari kwa sauti ya chini. "Mimi sina la kuongeza."

Mashaka alifika siku ya akika, angali na begi la shule begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo uwaone dada zako."

Golikipa huyo aliogopa kuwashika. Tabu akamwekea Sikudhani mikononi bila kumwuliza. Mashaka akabana pumzi.

"Mbona mzito hivi," alinong'ona, "na mdogo hivi?"

Akaketi naye ukutani. Wageni wakala pilau, wakapita mmoja mmoja kumwomba mtoto wambebe, naye akawa anatikisa kichwa tu.