Kifuniko cha Kikapu cha Akimana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka. Katika uwanja ulio nyuma ya stesheni ya treni ya Quakers Hill, Sydney, Mélanie Nibigira ameinama kwenye majani yanayomfika kiunoni, mundu mkononi. Anakata bua moja moja, taratibu.

"Jua likiyapata yanavunjika," anasema. "Ukichelewa umekata takataka."

Wenyeji wa Sydney huyaita magugu: oti za mwituni, shamari na chikori, mimea iliyoletwa zamani kutoka nchi za Bahari ya Mediterania. Mélanie, mwenye miaka 57, mfanya usafi katika nyumba ya wazee Seven Hills, hatupi kitu. Mabua anafumia vikapu, mbegu za shamari ni chai ya kutuliza tumbo, majani machungu ya chikori ni mboga.

Kikapu kimoja humla siku tisa baada ya kazi, naye hukiuza dola sitini huko Fairfield.

Kimoja hakiuzi. Kiko juu ya kabati, hakina kifuniko.

Alikianza akiwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa nyuzi alizofumua kwenye magunia ya msaada, kwa ajili ya harusi ya bintiye, Akimana. Kwao alikokimbia, kikapu cha bibi harusi hakitoki kwa mama bila kifuniko. Safari ya Australia ikamkuta hajakimaliza.

Mwaka juzi Akimana alichumbiwa na Rénovat, harusi ikapangwa Agosti. Mama akaenda kukata majani Juni, maana kwao Juni ni kiangazi. Sydney ilikuwa baridi, majani mabichi. Kifuniko kikaota ukungu.

"Nikawaambia, wanangu, subirini Desemba, majani yakauke. Akimana akacheka: 'Mama, it's just a lid, kifuniko tu.' Lakini akanikubalia."

Oktoba, homa ya uti wa mgongo ikamuua Akimana ndani ya siku tatu. Gauni la harusi ndilo alilozikwa nalo.

"Ni mimi niliyemnyima ndoa," anasema, na mundu unasimama.

Utamwambia nini mama huyu? Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Kwake yamekuja kabla ya mjukuu mwenyewe.

Desemba ile hakukifuma kifuniko. Mwaka jana pia hakukata bua la kukifumia. Leo amekirudia, na Rénovat, aliyetoka shifti ya usiku kiwandani, amekuja kumbebea mafungu. Bado anamwita Mama.

"Krismasi haitanikuta sijamaliza kifuniko," anasema Mélanie. Ni cha kupeleka kaburini? Anatikisa kichwa, anamtazama Rénovat. "Siku huyu atakapoleta msichana mwingine, kikapu ni cha huyo."

"Mama, acha maneno hayo." Rénovat amekumbatia fungu la majani, hajui aliweke wapi.

"Siachi. Na tarehe mtakayoniambia, ni hiyo hiyo. Mimi simsubirishi mtu tena."