Spika ya Wanawake

Pikapu ilipomaliza kona ya mwisho na mabati ya Mlola yakaanza kuonekana chini ya ukungu, Loveness Shekiondo alikuwa bado amekumbatia spika zake mbili kama mtu aliyeachiwa mapacha wa dada yake. Mbele karibu na dereva palikuwa na nafasi, lakini aliikataa. Spika zikikaa nyuma peke yake, alisema, zitarukaruka kama mbuzi. Basi akakaa nazo juu ya magunia matupu ya kabichi, pamoja na mgeni aliyeomba lifti njiani. Mgeni huyo, ambaye ndiye anayeandika haya, hakuwa amewahi kufika Mlola, na alikuwa anauliza maswali kama karani wa sensa.

"Unakwenda kupiga disko, dada?"

"Disko Jumapili? Unataka nifukuzwe usharika?"

Loveness alikuwa na kibanda chini ya ngazi mjini Lushoto, mahali anapoingizia watu muvi kwenye flashi. Kibanda chenyewe kilikuwa chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliagizia dirishani. Nyumbani kwao, Mlola, usharika ulikuwa na chumba kikubwa kilichokaa wazi, naye alikitaka awe anaonyesha picha kila Jumapili baada ya ibada. Tatizo ni kwamba kulikuwa na wengine waliokitaka kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za viazi, na Mzee Kornelio, mwenyekiti wa wazee wa usharika, alikuwa upande wa viazi.

"Kiazi hakipigi kelele," ndivyo alivyomjibu. Halafu, kwa kuwa alisoma na baba yake, akamlegezea kidogo. Alete picha moja, wazee waione, chumba kiamuliwe siku hiyohiyo.

Loveness alichagua muvi ya Kituruki iliyotiwa sauti ya mtafsiri, mmoja wa wale vijana wanaosimulia Kiswahili mbio mbio kama wamefukuzwa na mbwa. Aliikagua yote kwa hedifoni kibandani kwake. Lakini Loveness ana mtindo wake. Hedifoni huivaa sikio la kushoto tu, na la kulia huliacha wazi asije akapitwa na mteja. Miaka yote ya kazi yake, sikio lake la kulia halijawahi kusikia muvi hata moja.

Mzee Kornelio aliwapokea mlangoni amevaa koti la ibada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivyo ndivyo vyombo? Mbona viwili?"

"Kimoja huku, kimoja huku, mzee. Vyote vinakaa mbele, pembeni mwa shuka la picha."

"Mbele kuna nini? Watu watakaa kama kanisani, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kila upande upewe chake. Isije ikasemwa wanaume tumependelewa."

Loveness alijua spika hazigawanywi kama pilau ya harusi. Ila mtu anayeomba chumba habishani na mwenye ufunguo. Akaunga nyaya, akaitundika spika ya kushoto kwenye ukuta wa wanaume, kule mwisho kabisa, na ya kulia kwenye ukuta wa wanawake. Madirisha yakazibwa kwa magunia ya kabichi, projekta ikawaka. Akakaa na kompyuta yake upande wa wanaume, karibu na Mzee Kornelio, ili amsome uso.

Picha ikaanza. Mwanamume mwenye suti nzuri anashuka kwenye meli, anabisha hodi nyumba moja baada ya nyingine. Mtafsiri akaanza kutiririka kwamba jamaa anamtafuta mama yake waliyepotezana naye tangu utotoni, na wanaume wakatulia tuli. Mzee Kornelio akaegemea mbele. Loveness akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha upande wa pili wakacheka.

Lilikuwa tukio la mazishi. Loveness akageuka. Wanawake walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko kwa ncha za khanga. Katikati yao Bibi Rahabu, mama mtu mzima ambaye hata kwenye misiba huombwa apunguze maneno, alikuwa amesimama, ameelekeza fimbo kwenye shuka, anasimulia kwa Kishambaa.

"Huyu mwenye suti kafuata ng'ombe wake. Ng'ombe wa mahari. Binti aliolewa na mwingine, sasa anazunguka kila nyumba kuuliza ng'ombe yuko wapi. Haya, mtazameni huyu mama anayefungua mlango. Anamwambia ng'ombe amekufa! Na jeneza ndilo hilo, wanamwonyesha!"

"Ng'ombe kwenye jeneza, bibi?"

"Matajiri hao, mwanangu. Wewe unafikiri watamzika kwenye gunia?"

Loveness alipita nyuma ya mabenchi hadi chini ya spika ya kulia, akatega sikio. Vinanda na Kituruki kitupu. Ndipo akaelewa. Mtafsiri alikuwa amerekodiwa upande wa kushoto peke yake. Wanaume walikuwa wamepewa maneno, wanawake wamepewa vinanda, na lile sikio lake lililokuwa likingoja wateja ndilo lingemwambia.

Akarudi kwenye kompyuta akitembea kama mtu asiye na haraka, akafungua mahali pa sauti, akachagua upande wa kushoto usikike kotekote. Mara kijana wa tafsiri akalipuka kwenye ukuta wa wanawake. Wakaruka.

"Nani huyo? Mzimeni!"

"Ndiye mtafsiri, mama zangu," Loveness akasema. "Anawaelezea."

"Anaelezea nini wakati bibi yupo? Na mbona anamkatiza mtu mzima? Hana shikamoo?"

"Loveness," Bibi Rahabu akasema kwa upole wa kutisha, "mjukuu wangu, chagua. Mimi au yeye."

Wanaume nao wakaanza kupiga kelele kwamba picha iendelee, wengine kwamba bibi aendelee, kwani wawili watatu walikuwa wameshaanza kumfuatilia ng'ombe. Mzee Kornelio akasimama. Loveness aliona viazi vikiingia mlangoni, gunia baada ya gunia.

"Mimi," mzee akasema, "nataka kujua kama yule mama atapatikana. Hakuna namna nikasikia peke yangu?"

Namna ilikuwepo, hedifoni. Kompyuta ilikuwa na tundu moja tu la sauti, hivyo Loveness akachomoa waya wa spika, akachomeka hedifoni, akamvalisha mzee masikio yote mawili. Spika zikakata kauli. Picha ikaendelea bila sauti, na chumba kizima kikabaki mikononi mwa Bibi Rahabu.

Haukupita muda, wanaume wakaanza kuhamia mabenchi ya wanawake. Mmoja alijisingizia shingo, mwingine mwanga. Mwishowe kushoto alibaki Mzee Kornelio pekee, naye hakutambua. Kama mtu yeyote aliyezibwa masikio, alikuwa anapiga kelele.

"SIYO NG'OMBE! ANAMTAFUTA MAMA YAKE!"

"Kornelio, toka lini unajua Kituruki?" Bibi Rahabu naye akampigia kelele.

"NAAMBIWA HUKU NDANI!"

Mgeni alikuwa anakielewa Kituruki kidogo, alikiokota safarini. Bibi Rahabu hakuwa amepatia hata sentensi moja. Mgeni aliona ni busara anyamaze.

Mama alipatikana. Kwa Bibi Rahabu, ng'ombe alikuwa hai siku zote, na alikuwa na ndama. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Kornelio akavua hedifoni, macho mekundu, akawatazama kwa mshangao.

"Mmecheka," akasema. "Mimi nimelia peke yangu kama mjinga." Akapenga kamasi. "Viazi tutavitafutia pengine. Chumba chukua, mwanangu. Ila Rahabu awepo."

"Nipewe kiti chenye mgongo," Bibi Rahabu akasema.

"Na sauti, mzee?" Loveness akauliza. Wiki nzima alikuwa ameihangaikia sauti.

"Sauti si hiyo hapo inadai kiti?"

Nje, Dula, dereva wa pikapu, alishaanza kupiga honi. Loveness akafungasha mbio mbio, projekta, nyaya, shuka, spika ya upande aliokaa, akapanda na safari hii akakaa mbele. Kabla gari halijaondoka alikuwa ameshafungua kompyuta mapajani, aikague picha ya Jumapili ijayo. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akavaa hedifoni masikio yote mawili.

Ndiyo maana hakusikia. Wanawake walipiga kelele, Mzee Kornelio akapunga koti, Bibi Rahabu akaita jina lake mara mbili na la baba yake mara moja. Pikapu ikakata kona na kupotea. Mgeni, aliyekwisha kuambiwa haondoki bila kunywa chai, akabaki ukutani chini ya spika ya wanawake, akiulizwa na kila mtu kama anajua inavyoshushwa.