Fuko wa Kwenye Kijitabu

Leo stendi nimenunua tangawizi ya unga iliyofungwa kwenye karatasi, na harufu yake ikanirudisha Same mjini, dukani kwa mama mdogo.

Yeye alifungia tangawizi kwa karatasi yoyote, hata kurasa za kijitabu kilichokuja na gemu ya mwanawe. Nilifungua kifurushi kimoja pale dukani, unga ukamwagika, nikamkuta fuko mdogo amechorwa kwenye karatasi, amevaa kofia, anaonyesha vitufe vya pedi ya gemu kwa kidole. Maandishi ya Kijapani hatukuyajua.

Kaka, huyo mwanawe, alikuwa amekwama kwenye lango moja la gemu hiyo wiki nzima. Nikampelekea ile karatasi sebuleni.

"Huyo hata hayumo kwenye gemu," akanicheka. "Nyie wa Vudee mmezoea mafuko ya shambani. Haya, jaribu. Ukifa, pedi huishiki tena mpaka urudi kwenu."

Nikabonyeza kama fuko alivyoonyesha: chini mara mbili, kisha vitufe viwili kwa pamoja. Lango likafunguka! Kaka akaruka mpaka kochi likalia.

"Dada, usiachie!"

"Nani kamwaga tangawizi yangu?" mama mdogo akafoka kutoka dukani.

"Fuko, mama!" Kaka akajibu.

Nilishika pedi mpaka adhana ya magharibi, vidole vikinukia tangawizi.