Kisu cha Baba Mkwe Kiko Kwenye Kopo Langu

Admin, ukiposti naomba jina langu ubaki nalo wewe, maana huku Lukozi tunajuana wote. Nina miaka 37, nina watoto watatu, na tunaishi nyumba moja na baba mkwe. Kazi yangu ni karoti na kabichi. Ugonjwa wangu ni visu vya zamani vya kukunja, vile vya mfukoni. Wenzangu gulioni wanakimbilia mitumba, mimi nachakura kwa wauza vyuma chakavu. Nikipata kimoja nakisafisha, nakipaka mafuta ya cherehani, nakiweka kwenye kopo la biskuti. Mume wangu hunitania eti ameoa ngariba.

Baba mkwe ana kisu alichoachiwa na baba yake. Mpini wa pembe, chuma kimenolewa miaka na miaka hadi kimekuwa chembamba, na ukikikunja kinalia ta! Nilikitamani tangu naolewa. Niliwahi kumwomba kwa adabu zote, akacheka. "Nikifa utakichukua wewe, mwanangu." Kwa hiyo hata hakuninyima. Nilishindwa kusubiri tu.

Siku hizi ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Mwezi uliopita nikapata kwenye gulio la Mlola kisu kinachofanana na chake. Shetani akanipitia. Mzee alipokwenda msikitini kakiacha, nikavibadilisha.

Jioni akakaa kuwamenyea wajukuu mapeasi kama kawaida yake. Mara akasita, akakipapasa. "Hiki si changu." Wanawe wakakiangalia, wakamwambia ni chenyewe. Akabisha sana, mwishowe akasema, "Niitieni mwanangu, ndiye anayejua visu."

Nikaja, nikakipokea kwa mikono miwili, nikakigeuzageuza kama mtu anayekichunguza kweli. Nikasema, "Ni chenyewe, Baba."

Akakipokea. "Ukisema wewe, basi ni mimi niliyepotea."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile hajamenya tena tunda. Anauliza kila kitu mara mbili, fimbo hii ni yangu, nimeshaswali au bado. Shemeji zangu wanasema akili zimeanza kumtoka, na juzi wamepanga kuuza ng'ombe wake bila kumuuliza. Alipopata habari alisema tu, "Fanyeni mnavyoona, mimi sijiamini tena." Mzee huyu ndiye aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa ukoo mzima!

Nikikirudisha kimyakimya, atazidi kuamini kichwa kinamchezea. Nikisema ukweli, mimi ni mwizi na muongo ndani ya nyumba ya watu, na mume wangu sijui kama atanivumilia. Nalala na hilo, naamka nalo.

Leo asubuhi nimempa shikamoo, akaitikia, akaniambia nisogee. "Mwanangu, nikizidi kuharibikiwa uniambie wewe. Hawa wengine watanificha."

Jamani, nishaurini. Mtu kama huyu unamwambiaje?